Kutia rangi kitambaa na uzi nyumbani kwa sisi wa Mwanza: mwongozo kamili, toka shabu mpaka haidrosi

Nianze na kitu ambacho video nyingi zinadanganya watu: siki na chumvi siyo dawa ya kila rangi. Utaona mtu anachemsha kitambaa cha pamba na bitiruti, anamwagia siki na chumvi eti ili rangi ishike, kinatoka pinki nzuri ya kupigia picha, halafu hakuna anayekuonyesha kile kitambaa kikishafuliwa mara mbili, kimebaki na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Siki inafanya kazi kwenye sufi ya kondoo na hariri, yaani nyuzi za mnyama na mdudu. Chumvi inasaidia baadhi ya rangi za dukani kutoka kwenye maji na kuingia kwenye pamba. Basi, hapo ndo mwisho wao. Ukishajua uzi wako umetoka wapi na rangi yako inataka nini, kinachobaki ni kucheza tu, na kucheza ndo raha yenyewe.

Kwanza jua unatia rangi kitu gani

Huku kwetu tumezungukwa na pamba, sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inalimwa Kanda ya Ziwa, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, mpaka timu yetu inaitwa Pamba, lakini sasa ingia duka la nyuzi za kufumia uone, madonge mengi ya rangi rangi yaliyopangwa pale ni akriliki, ambayo ni plastiki, na kwa hivi vitu vyote nitakavyoeleza humu haitakushikia rangi. Kwahiyo kabla hujanunua chochote, kipimo cha moto. Chomoa kipande cha uzi urefu wa kidole, kishike kwa kibanio, kiwashe juu ya sahani ya bati. Pamba inawaka chap kama karatasi, inanuka karatasi, jivu lake laini. Sufi inawaka kwa kusuasua, ukiitoa motoni inajizima yenyewe, harufu ni ya nywele zilizoungua na kile kidonge kinachobaki kinasagika ukikiminya. Akriliki na polyester zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, usikiguse kikiwa cha moto kinaganda kwenye ngozi. Kitambaa cha mchanganyiko kitakupa tabia zote mbili, hicho kinapokea rangi lakini itakuwa nyepesi, maana ile sehemu ya plastiki inabaki ilivyo.

Vitambaa vya kuanzia: marekani, bafta, popilini ya pamba tupu, au shuka nyeupe za mitumba, hizi mimi nazipenda kuliko zote kwa sababu zimeshafuliwa miaka na gundi ya kiwandani imeisha. Tisheti nazo sawa, ila ujue uzi wa kushonea mara nyingi ni polyester, kwahiyo mishono itabaki myeupe. Wengine wanaona ni kasoro, mi naona inapendeza.

Sufi ndo watu wanasema Mwanza haipatikani. Inapatikana, ila imevaa sweta. Nenda soko la Mlango Mmoja kwenye marobota ya masweta, joto la huku linafanya yasigombaniwe, soma lebo ndani: wool, lana, laine, Wolle, zote ni sufi. Kabla ya kulipa angalia mshono wa ubavuni. Kama pande mbili zimeungwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, utafumuka vizuri na utapata uzi mrefu, kama umekatwa na kupigwa ovaloki achana nalo, utaambulia vipande vipande. Fumua kuanzia juu kwenda chini, zungushia uzi kwenye migongo ya viti viwili upate kitanzi kikubwa, kifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi wa pamba bila kukaza, ukikaza pale chini ya fundo rangi haitafika. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu ili mikunjo inyooke, kianikwe kivulini.

Vyombo na maji

Hapa ni muhimu kidogo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini na kwa rangi za majani na shabu siyo mbaya, lakini ukiweka kostiki soda au soda ashi (kabonati ya sodiamu) kwenye alumini zinaanza kuitafuna, inatoa povu na gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto. Kwa hizo tumia ndoo ya plastiki, stenlesi, au enameli isiyobanduka. Sufuria ya chuma inafanya kila rangi iwe giza, wakati mwingine ndo unachotaka lakini basi iwe kwa kukusudia. Na chombo kikishaingia kwenye kazi ya rangi hakirudi jikoni, hata kama mama mkwe kaja na vyombo ni pungufu.

Utahitaji mizani ya kidijitali ya jikoni, glavu za mpira, barakoa kwa ajili ya unga, fimbo ya kukorogea, daftari. Mizani wengi wanairuka lakini kila kitu kwenye kazi hii kinahesabiwa kwa uzito wa kitambaa kikiwa kikavu, ukikadiria kwa macho utapata rangi nzuri leo na kesho hutaweza kuirudia.

Maji ya bomba yanafaa na ya mvua yanafaa zaidi. Visima vingine vina chuma, utakijua kwa doa la kutu kwenye ndoo, hayo yanachafua njano na pinki, yaweke akiba kwa kahawia na kijivu.

Kufua ni nusu ya kazi

Marekani mpya ukiitazama ina vichembe vya mbegu na inanuka pamba, imejaa mafuta na nta ya asili pamoja na wanga wa kiwandani, na vyote hivyo vinakataa rangi. Ichemshe kwenye maji mengi na sabuni ya unga kiasi na soda ashi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4 au 5, saa nzima. Utashangaa maji yanavyotoka rangi ya chai kavu. Mwaga, suuza, na kama maji yametoka machafu sana rudia. Dondoshea tone la maji kitambaa kikishakauka, likinywewa papo hapo umemaliza, likikaa juu kama kwenye jani la muhogo bado.

Soda ashi utaipata kwa wauza malighafi za sabuni. Ukikosa, magadi ya sokoni yanasaidia maana ni mchanganyiko wa kabonati na baikabonati, kaanga unga wake kwenye kikaango kikavu cha chuma kwa moto mdogo nusu saa na zaidi huku unageuza, baikabonati inageuka kuwa kabonati na makali yanaongezeka. Yayeyushe, yatulie, chuja uchafu.

Sufi usiifanyie hivyo kabisa. Sufi ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, hakuna kusugua, hakuna kuhamisha toka maji moto kwenda baridi ghafla, la sivyo inajisokota na kuwa blanketi.

Rangi za jikoni na shambani kwenye pamba

Pamba na rangi ya mmea haviungani vyenyewe, vinataka mshenga, na mshenga ni shabu. Ndiyo, shabu hii hii ya mawe meupe ambayo watu wa vijiji vya kando ya ziwa wanatulizia tope kwenye maji ya ndoo. Lakini pamba hata shabu yenyewe haiishiki vizuri, kwahiyo tunaanza na kitu chenye tanini, ule ukakasi unaokunja ulimi. Majani ya mpera yanafaa, maganda ya komamanga, hata majani ya chai.

Tuseme kitambaa chako ni gramu 500. Chemsha majani ya mpera kama nusu ndoo kwa saa moja, chuja, zamisha kitambaa kilicholowa humo na kiache usiku kucha. Asubuhi kikamue, suuza kidogo tu. Sasa pima shabu gramu 75, isage, iyeyushe kwenye maji moto, na pembeni kwenye kikombe yeyusha soda ashi gramu 10. Mimina ile soda kwenye shabu kidogo kidogo maana inafoka povu, likitulia ongeza maji moto mpaka kitambaa kielee bila kubanana, kiweke humo saa moja ukigeuza, kisha kiache kipoe mpaka kesho. Ni siku mbili kabla hujaiona rangi, najua, lakini hapa ndo penye tofauti kati ya kitambaa cha kuvaa na kitambaa cha kupigia picha.

Rangi ya kwanza kabisa nakushauri maganda ya vitunguu. Ni bure, wauza vitunguu Kirumba au Mabatini wanayafagia, peleka mfuko uombe. Ni mepesi kwahiyo gramu 250 ni mfuko mkubwa, na ukitaka iliyokolea fikisha uzito sawa na kitambaa. Yachemshe saa moja, chuja, ingiza kitambaa kikiwa kimelowa, kikavu kinapata mabaka, moto mdogo saa moja tena, kisha kipoe humo humo usiku. Unapata njano ya dhahabu mpaka chungwa.

Kokwa za parachichi zinatoa pinki inayoelekea kahawia, jambo ambalo kila mtu anabisha mpaka aone. Katakata kokwa mbichi, pasha kwa moto mdogo bila kutokota sana, ukichemsha kwa fujo inakimbilia kahawia. Maji yaliyo na magadi kidogo yanaivuta kwenye wekundu. Kokwa zina tanini zake zenyewe kwahiyo hata bila mpera zinashika vizuri.

Chai inatoa kaki. Binzari ya manjano inatoa njano kali inayopendeza kuliko zote na haihitaji hata shabu, ila jua linaifuta, na zaidi ya hapo ukiifua na sabuni kali inageuka nyekundu ya matofali mbele ya macho yako, suuza na maji ya ndimu inarudi. Watoto wanaipenda hiyo, kwa nguo ya kuvaa hapana. Choya na bitiruti niseme wazi, ni vinywaji. Vinywe.

Halafu kuna maji ya kutu. Misumari mizee kwenye chupa, siki nusu maji nusu, kifuniko kilegee hewa ipite, wiki moja au mbili maji yanakuwa ya kahawia. Kijiko kimoja kikubwa kwenye lita moja ya maji, zamisha kile kitambaa chako cha vitunguu dakika tano na kitageuka kijani cha zeituni. Cha chai au mpera kinaenda kijivu mpaka karibu nyeusi. Nenda kidogo kidogo, chuma kikizidi kinakula nyuzi na kitambaa kinachanika baada ya muda. Maana yake kwa sufuria moja ya maganda, vipande vitatu tu, kimoja kiache kilivyo, kimoja kipitie kwenye kutu, kimoja kwenye maji ya magadi, una rangi tatu za ukoo mmoja.

Uzi wa sufi na rangi ya chakula

Huu ndo mchezo rahisi kuliko yote na hapa sasa siki inapata haki yake. Gramu 100 za uzi, loweka nusu saa kwenye maji yenye siki kama robo kikombe kwa lita 2. Yeyusha rangi ya chakula, mimina, ingiza uzi, pasha polepole mpaka karibu na kuchemka lakini isichemke, mvuke unatoka na maji yametulia, dakika 30 mpaka 45. Usikoroge, sukuma taratibu na fimbo. Utaona kitu kizuri sana, maji yanaanza kuwa meupe kwa sababu rangi yote imeingia kwenye uzi. Maji yakishakuwa hivyo zima, acha upoe humo humo, ndo usuuze.

Zambarau ya kuchanganya nyekundu na bluu mara nyingi inaachana kwenye sufuria, nyekundu inawahi kushika na bluu inachelewa, uzi unatoka na mabaka ya pinki, zambarau na bluu. Usihuzunike, kuna watu wanalipia huo mwonekano. Ukitaka isiachane, weka siki mwishoni badala ya mwanzoni. Ukitaka uzi wa rangi nyingi kusudi, ulaze kwenye sufuria pana yenye maji kidogo, mwagia kila upande rangi yake, funika, pasha.

Shabu na maganda ya vitunguu vinafanya kazi kwenye sufi pia, tena bila tanini na bila soda, shabu gramu 10 kwa uzi wa gramu 100 inatosha.

Rangi za dukani: uliza swali moja

Ukifika dukani mwulize muuzaji, "hii inatumia chumvi tu, inatumia soda ashi, au inatumia haidrosi na kostiki?" Haidrosi ni unga wa kemikali (sodium hydrosulphite), kostiki ni ile kostiki soda. Jibu lake ndo linakwambia una rangi ya ukoo gani, jina lililoandikwa kwenye pakiti lisikusumbue.

Ya chumvi tu ni zile pakiti ndogo za kuchemsha. Maji yachemke, chumvi, kitambaa, saa moja. Nzuri kwa kufufua suruali nyeusi iliyopauka, inaendelea kuchuja kila ukifua, ifue peke yake.

Ya soda ashi ni rangi reaktivu, Procion MX ndo maarufu, na kwa mtu wa nyumbani hii ndo bora kwa sababu haitaki moto, inaungana na pamba yenyewe kabisa. Loweka kitambaa kwenye soda ashi gramu 40 mpaka 60 kwa lita, nusu saa, kamua. Changanya rangi vijiko viwili vya chai kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu, nyeusi mara mbili yake, na ukiongeza kijiko kikubwa cha yurea, ndiyo yurea ya mbolea, kitambaa kinakaa na unyevu muda mrefu. Mwagia, funga kwenye mfuko wa plastiki, acha saa 12 mpaka 24, joto la Mwanza linakusaidia hapo kuliko wenzetu wa Mbeya. Suuza kwa maji baridi kwanza mpaka yaanze kuwa safi, ndo uje na ya moto. Rangi ikishachanganywa na soda ashi ina saa chache tu, kwahiyo changanya kile tu unachotumia leo.

Ya haidrosi na kostiki ndo rangi ya batiki yenyewe, ile akina mama wa vikundi wanafundishana, na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wamekuwa wakitoa mafunzo kama haya miaka mingi. Inashika kuliko zote na ndiyo ya hatari kuliko zote. Kaa nje, glavu ndefu, miwani, watoto mbali. Kostiki inaingizwa kwenye maji, KAMWE usimwage maji juu ya kostiki, inaruka na kuunguza. Haidrosi iwe kavu na kopo lake lifungwe vizuri, ikipata unyevu ndani ya kopo inapata moto yenyewe na inaweza kuwaka. Wengi wanatumia vijiko vya haidrosi mara mbili ya vya kostiki, lakini kipimo halisi chukua kwa aliyekuuzia rangi ile. Zamisha kitambaa dakika kumi hivi kikiwa chini ya maji muda wote, kitoe, kitandaze hewani. Rangi ya ndani ya ndoo siyo rangi utakayopata, hewa ndo inaikamilisha, nili kwa mfano inatoka ya kijani na inageuka bluu ukiwa umesimama unaangalia.

Michoro

Kufunga kuna namna zisizoisha. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinakaza kuliko uzi. Vijiwe, maharage, vifuniko vya soda, funga ndani yake upate miduara. Kunja kama feni, bana na vibao viwili upate mistari. Ukipenda utulivu shona mshono mpana wa mkono, vuta uzi kitambaa kijikunje, ndo utie rangi. Nta ni parafini ya mishumaa ikichanganywa na nta ya nyuki, parafini peke yake inapasuka pasuka na kuacha ile mishipa mishipa, ya nyuki inashika bila kupasuka, changanya kadiri unavyotaka mishipa. Iyeyushe kwa bakuli juu ya maji yanayochemka, siyo juu ya moto moja kwa moja.

Na kama unaishi na udaga ndani jaribu walichofanya Wayoruba wa Nigeria kwenye adire, vitambaa vyao vya nili: uji mzito wa muhogo, chora kwa unyoya au mswaki wa zamani, acha ukauke kabisa, tia rangi ya baridi, kisha kwangua. Kwenye rangi ya kuchemsha utapata uji tu.

Kuanika ni kivulini. Jua la saa saba linachoma rangi mbichi. Ukiwa karibu na ufukwe angalia pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, kitambaa kibichi wanakipenda sana, na mbali na vichanja vya dagaa tafadhali, harufu inaingia na haina mshenga wala dawa.

Kupima na kumwaga

Kata kipande cha kila rangi, bandika daftarini na uzito, vipimo, muda, maji uliyotumia. Kingine funika nusu kwa kadibodi kiweke dirishani wiki mbili, ukifunua utaona jua limechukua kiasi gani. Kingine kishone na kitambaa cheupe ufue pamoja. Kama unafikiria kuuza, fanya vyote viwili kabla mteja hajakufanyia.

Maji machafu usipeleke ziwani wala kwenye mtaro, mitaro ya mjini inaingia Mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni. Ya maganda na majani mwaga kwenye udongo mbali na mboga na kisima, makapi yaende kwenye mboji. Ya shabu yatumie tena, ongeza nusu ya kipimo cha mwanzo kwa kitambaa kinachofuata. Ya haidrosi na kostiki yakae wazi nje siku nzima ukikoroga mara kwa mara, yachanganye na maji mengi, kisha yaende chooni, choo cha shimo kisicho jirani na kisima. Siki usiyamwagie kabla hayajatulia, haidrosi ikikutana na tindikali inatoa gesi ya salfa inayobana kifua.